Bundi Mdogo na Nyumba ya Kuazima

Katika ndege wote wanaotajwa kwa Kiswahili, hapana aliyetwishwa mzigo wa maana kama bundi. Jogoo ana zamu yake ya alfajiri, njiwa ana barua zake za kupeleka, kunguru ana wizi wake. Hao husemwa, hutaniwa na husamehewa. Bundi hasamehewi. Akitua juu ya paa usiku na kutoa sauti, walio ndani hunyamaza, na kama yumo mgonjwa, macho yote humgeukia. Lugha yenyewe imeshiriki katika hukumu hiyo. Jogoo huwika, simba hunguruma, chiriku husifiwa kwamba anaimba. Ama bundi hulia, na kitenzi hicho ni kile kile cha mtu aliyefiwa. Anayesema kwamba bundi analia amekwisha kuutangaza msiba kabla hajajua kama msiba upo.

Washairi nao wamemtumia, lakini si wote waliomdhulumu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alipowatembeza wasomaji wake ndani ya majumba ya Pate yaliyokufa, mwanzoni mwa karne ya 19, alimweka humo bumu, ambalo ni jina la bundi katika Kiswahili cha kaskazini, lenye asili ya Kiarabu. Afaa msomaji autazame vizuri mpangilio wa mambo katika utenzi ule. Mabwana wamekwisha kuondoka, taa zimekwisha kuzimika, kuta zimekwisha kupasuka. Ndipo ndege anapoingia. Gofu lilikuja kwanza, bundi akafuata. Masimulizi ya barazani ndiyo yaliyougeuza mpangilio huo juu chini, yakamfanya aliyefuata kuwa ndiye aliyesababisha.

Tofauti hii si ndogo, na hapana mahali inapodhihirika zaidi kuliko katika maisha ya bundi wadogo. Duniani zipo aina zaidi ya 200 za bundi. Wamo wakubwa wenye uwezo wa kunyakua sungura na samaki wazito. Na wamo wale ambao mtu angeweza kuwafumbata katika kiganja, wazito kama yai dogo la kuku. Hawa wadogo ndio wengi kwa aina, ndio wasiojulikana sana, na ndio wanaoishi karibu mno na ukingo wa kupotea.

Ndege wengi wadogo ni mafundi. Mnana husuka kiota chake kwa ukindu na majani, mbayuwayu hufinyanga udongo na kuubandika ukutani. Bundi wadogo si mafundi. Hawasuki, hawafinyangi, wala hawana mdomo wa kutoboa mti. Aghalabu huingia katika uwazi ulioachwa na mwingine: tundu la kigogota, shimo la mnyama, ufa wa ukuta, au mti mkongwe uliooza kiini. Wahenga waliosema kwamba ukiona vyaelea vimeundwa walikuwa na vyombo vya baharini akilini, lakini methali hiyo inamfaa bundi vilevile. Kila anapoonekana bundi mdogo akichungulia kutoka katika tundu, hapana budi yupo aliyelichimba tundu hilo, na upo mti uliokubali kuchimbwa. Maisha yake yote yamesimama juu ya kazi ya wengine.

Mdogo kuliko wote anaishi katika jangwa la Sonora, mpakani mwa Marekani na Mexico. Urefu wake ni kama sentimita 14 na uzito wake ni kama gramu 40. Huko hakuna misitu ya kumsitiri, bali umo mmea wa jamii ya dungusi kakati uitwao saguaro, wenye miiba mwili mzima na unaosimama kama nguzo iliyoinua mikono. Kigogota hulitoboa shina lake, na mmea uliojeruhiwa hujitibu kwa kuotesha gamba gumu kuzunguka jeraha, hata pakawa na mfano wa chungu kilichofukiwa ndani ya nyama mbichi ya mmea. Kigogota hulea watoto wake humo, kisha huhama na kwenda kutoboa pengine. Ndipo bundi mdogo anaporudi kutoka kusini baada ya majira ya baridi na kuikuta nyumba imekauka, ina kivuli, na ina miiba ya kuilinda dhidi ya nyoka. Usiku hutoka kuwinda nondo, panzi na nge.

Ujirani huo wa watatu, yaani mmea, kigogota na bundi, unaonekana kuwa imara, nao ni dhaifu sana. Saguaro huweza kuchukua miaka 50 hadi 70 kabla ya kutoa mkono wake wa kwanza. Aliyeukata mmea mmoja leo amemnyima nyumba bundi ambaye bibi zake hawajazaliwa. Na jangwa hilo, ambalo zamani halikuwa na nyasi za kutosha kubeba moto, sasa linaungua. Katika karne ya 20 wafugaji wa huko walileta nyasi zenye asili ya Afrika, zilizozoea kuungua na kuchipua tena, wakitaka malisho ya ng'ombe. Nyasi zikaenea baina ya mimea isiyojua moto. Moto ukipita, nyasi hurudi kwa mvua moja, saguaro hairudi. Watu wa Afrika Mashariki wanaochoma majani kila mwaka kabla ya masika, wakaona nchi inavaa kijani upya, wasingedhani kwamba majani hayo hayo, yakiwa ugenini, huua.

Kutoka katika joto hilo hadi misitu ya misonobari ya Finland ni mwendo mrefu, lakini mkataba wa bundi na kigogota ni ule ule. Huko anaishi bundi mdogo kuliko wote wa Ulaya, naye hupanga katika matundu ya kigogota kwa sababu mbili: kwanza kulea, pili kuweka akiba. Katika vuli, kabla ya theluji kufunika ardhi na kuwaficha panya, huwinda kuliko anavyoweza kula, akajaza matundu kwa mizoga ya panya na ndege wadogo. Baridi ndiyo inayomhifadhia chakula chake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Turku, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2020 baada ya kuzikagua ghala za ndege hao kwa miaka mingi, walionyesha kwamba vuli zenye mvua nyingi huiozesha akiba hiyo. Bundi amefanya kazi yake kama alivyofundishwa na maumbile, ghala imejaa, kumbe iliyomsaliti ni hali ya hewa. Nyumba ya kuazima si kuta tu. Ni pamoja na baridi iliyomo ndani ya kuta.

Yuko mwingine asiyeishi mtini kabisa. Katika mbuga za Amerika, Kaskazini na Kusini, wapo bundi wenye miguu mirefu wanaolala ardhini, ndani ya mashimo yaliyochimbwa na wanyama. Katika nyanda za magharibi ya Marekani wachimbaji hao ni wanyama wadogo wa jamii ya kindi, wanaoishi kwa makundi kama miji. Bundi hupanga katika mji huo. Watoto wake wakishtushwa ndani ya shimo hutoa mlio kama wa nyoka mwenye njuga mkiani, na adui husita kuingiza pua. Wazazi huokota mavi ya ng'ombe na wanyama wengine wakayatandaza mlangoni. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba wanaficha harufu ya watoto. Mwaka 2004 watafiti wa Florida walionyesha katika jarida la Nature kwamba mavi yale ni chambo: mende wa mavi huja wenyewe, na bundi aliyetandaza huwala mara kumi zaidi ya yule asiyetandaza. Hivyo mvuvi hukaa mlangoni pake na samaki wakamfuata.

Ujanja huo wote haukumwokoa pale wachimbaji walipotangaziwa vita. Wafugaji waliwaona wanyama wale kuwa washindani wa ng'ombe katika malisho, na tangu mwanzoni mwa karne ya 20 wakawatilia sumu katika maeneo makubwa sana. Hapana aliyekuwa na ugomvi na bundi. Lakini mashimo yasiyo na mchimbaji hufukiwa na upepo na mvua kwa miaka michache, na mpangaji hupotea bila ya jina lake kuandikwa popote katika orodha ya maadui. Namna hii ndivyo bundi wengi wadogo wanavyokwisha: bila ya kulengwa.

Aidha, yuko bundi mdogo aliyeazima nyumba kwa mwanadamu moja kwa moja. Anaonekana kutoka Ulaya na Afrika Kaskazini hadi China, na hupenda mizeituni mikongwe, kuta za mawe, mabanda ya zamani na makaburi. Huyu ndiye bundi wa Athens. Wagiriki wa kale walimhesabu kuwa ndege wa mungu wao wa kike wa hekima, wakamchora juu ya sarafu zao za fedha karne tano kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Na Ugiriki ilipoanza kutumia sarafu za yuro mwaka 2002, ilimrudisha juu ya sarafu ya yuro moja. Huko Misri, ambako watu humwita Umm Quwaiq, ndege huyo huyo huhesabiwa kuwa mkosi. Magofu ni yale yale, sauti ni ile ile, macho ya njano ni yale yale. Kilichobadilika ni mfasiri. Mmoja amesikia hekima, mwingine amesikia kifo, na ndege hakusema lolote kati ya hayo. Alichosema, kwa kadiri ya wanaochunguza ndege, ni maneno mawili tu yanayojulikana na kila mwenye nyumba: hapa ni pangu, na yuko wapi mwenzangu.

Bara huwa na nafasi ya kusamehe makosa. Msitu ukikatwa upande mmoja, huenda ukabaki upande wa pili. Kisiwani hakuna upande wa pili. Kwa sababu hiyo habari ya bundi wadogo hufikia ukali wake visiwani, na visiwa ndivyo walivyovipenda.

Wapo bundi wadogo wenye vishungi viwili kichwani mithili ya masikio, ambao wataalamu wamewapa jina la Otus. Urefu wao aghalabu haufiki sentimita 20, rangi yao ni ya gome la mti, na mchana hujibana kwenye shina hata jicho lisiwatambue. Tangu zama zisizojulikana, baadhi yao walichukuliwa na pepo wakatua katika visiwa vya mbali, wakazaa, na kila kisiwa kikamfinyanga wa kwake. Manyoya yakabaki kufanana, sauti zikaachana. Kwa hiyo wachunguzi wa leo huwatambua kwa sikio kabla ya jicho, kama vile msikilizaji anavyomtambua Mtumbatu, Mmakunduchi au Mpemba kwa neno lake la kwanza, hata kama kanzu zao zimekatwa na fundi mmoja.

Kisiwa cha Lombok, huko Indonesia, kina mfano mzuri wa jambo hili. Mwaka 1896 mkusanyaji Alfred Everett alipeleka Ulaya mizoga kadhaa ya bundi wadogo wa huko, na kwa kuwa manyoya yao yalifanana na ya ndege wa visiwa vingine, waliwekwa katika fungu la hao wengine. Walikaa humo zaidi ya karne. Mwaka 2003 watafiti wawili, kila mmoja kwa safari yake, walisikia sauti yao usiku wakatambua kwamba si ya bundi yeyote anayejulikana, na mwaka 2013 ndege yule akatangazwa kuwa aina mpya. Wanakijiji wa Lombok hawakushangaa. Wao walikuwa wakimwita burung pok, yaani ndege pok, kwa kuiga sauti yake. Jina la kienyeji lilikuwa limebeba ndani yake ushahidi ambao makabati ya makumbusho hayakuwa nao.

Habari ya pili inatoka upande wa magharibi wa Afrika, katika kisiwa cha Príncipe kwenye Ghuba ya Guinea. Wenyeji walikuwa wamesimulia kuhusu bundi wa msituni, na maneno yao yalikuwa yameandikwa tangu mwaka 1928, lakini ndege mwenyewe hakuthibitishwa na watafiti hadi mwaka 2016. Mwaka 2022 alipewa jina Otus bikegila. Bikegila ni jina la utani la Ceciliano do Bom Jesus, mtu wa kisiwa hicho aliyekuwa mtega kasuku na baadaye akawa mlinzi wa hifadhi. Yeye ndiye aliyewasimulia watafiti alichokiona matunduni alipokuwa akipanda miti. Katika vitabu vya ndege yamejaa majina ya magavana, wake za wafadhili na mabwana wa makumbusho. Kuliona humo jina la mpanda miti ni jambo la kushukuriwa. Makazi ya ndege huyo ni kipande cha msitu wa kusini kisichozidi kilomita za mraba 15 hivi. Kitongoji kimoja cha watu kingeweza kuenea hapo.

Bahari ya Hindi ya magharibi nayo ina ukoo wake wa bundi hawa. Huko Shelisheli, katika misitu ya ukungu iliyo juu ya milima ya Mahé, yuko mmoja ambaye Wakrioli humwita syer, yaani mpasua mbao, kwa kuwa sauti yake ni kama msumeno unaokwenda na kurudi juu ya gogo. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1880, kisha akadhaniwa amekwisha. Mwaka 1959 akasikika tena. Na kiota chake hakikuonekana na watafiti hadi mwaka 1999. Fikra ya Wakrioli inavutia. Wao pia walisikia sauti usiku, msituni, bila ya kumwona mwenyewe, na wangeweza kabisa kusikia mauti. Walisikia fundi aliye kazini.

Visiwa vya Komoro, ambavyo lugha zake ni dada wa Kiswahili, vina bundi wanne wa namna hii, mmoja kwa kila kisiwa. Wa Ngazidja anaishi juu ya mteremko wa volkeno ya Karthala, na alijulikana kwa wataalamu mwaka 1958. Wa Mwali alitambuliwa mwaka 1995 tu. Wa Maore yuko kwake. Wa Nzwani alikusanywa mwishoni mwa karne ya 19, kisha kwa zaidi ya miaka mia hapana mtaalamu aliyemwona, hata mwaka 1992 alipopatikana katika mabaki ya misitu ya milimani. Nzwani ni kisiwa chenye watu wengi na miteremko mikali. Chini ya milima yake imepandwa milangilangi, na maua yake huchemshwa siku nzima ili kutoa mafuta yanayosafirishwa kwenda kwenye viwanda vya manukato vya Ufaransa. Mitambo hiyo hula kuni. Yapo manukato ghali katika maduka ya Paris ambayo ndani ya chupa yake, mtu akijua kunusa, mna moshi wa msitu wa bundi. Kumlaumu mkulima wa Nzwani kwa hilo ni rahisi na si haki, kwani hana zao jingine linaloleta fedha upesi kama hilo.

Pwani ya Kenya ina jambo ambalo mtunzi wa hadithi asingethubutu kulibuni. Baina ya Kilifi na Malindi umebaki msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ubavuni mwake yapo magofu ya Gede, mji wa Waswahili wa zamani wenye msikiti, kasri na visima vilivyokauka. Kwa mujibu wa masimulizi, hapo ndipo bundi alipostahili kukaa. Lakini bundi mdogo wa Sokoke, aliyeelezwa mwaka 1966, mwenye urefu wa sentimita 16 hivi na uzito wa gramu 50, hataki magofu. Anataka msitu ulio hai, hasa vichaka vizito juu ya udongo mwekundu. Nje ya hapo, mahali pengine anapojulikana ni misitu ya chini ya Usambara Mashariki, nchini Tanzania, alikothibitishwa mwaka 1992. Wakataji wameufuata mti wa muhugu kwa ajili ya vinyago vya kuuzia watalii, na kila mti mkubwa unaotoka huondoka na matundu yake. Kwa upande mwingine, tangu mwaka 1993 upo mradi wa Kipepeo hapo Gede, ambao huwanunulia wakulima wa kandokando ya msitu viwavi vya vipepeo waliovilea hadi kufikia hatua ya kugeuka, vikauzwa ng'ambo. Mkulima aliyeona fedha ikitoka katika msitu uliosimama hana haja ya kuhubiriwa sana juu ya thamani ya msitu.

Pemba nayo ina wake. Kisiwa hicho kimetengwa na bara na mkono wa bahari wenye kina cha mamia ya mita, na utengano huo wa zamani ndio uliokipa ndege wanne wasiopatikana penginepo duniani: njiwa wa kijani, chozi, kijichojeupe mmoja, na bundi mdogo. Aliyemweleza kwa wataalamu mwaka 1937 ni R. H. W. Pakenham, mtumishi wa serikali ya kikoloni Zanzibar, na jina alilompa ni la kisiwa: Otus pembaensis. Wamo wenye rangi ya udongo mwekundu na wamo wa rangi ya kahawia. Hula wadudu. Sauti yake ni ya silabi moja, hu, inayorudiwa kwa vituo, mara nyingine ikafuatana upesi upesi. Na ikitoka upande mmoja wa bonde, huenda ikajibiwa upande wa pili.

Msitu wa asili uliobaki Pemba ni mdogo, na kipande chake mashuhuri ni Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa, takriban hekta 1,440. Kama bundi huyu angeutegemea msitu huo peke yake, hesabu yake ingekuwa fupi. Lakini yeye aliazima tena. Dhoruba ya mwaka 1872 iliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Vilima vilivyovuliwa msitu vilivikwa mikarafuu. Zao hilo lilifika kwa jasho la watumwa na kwa tamaa ya mabwana, wala hapana haja ya kulipamba. Hata hivyo mkarafuu huishi muda mrefu, hukua mrefu, majani yake ni mazito na ya kijani mwaka mzima, na bundi mdogo aliona humo mfano wa msitu aliopokonywa. Akaingia. Mchumaji anayepanda mkarafuu mchana akikata vikonyo huwa anapita mahali ambapo mwenyeji wa usiku amelala, bila ya mmoja kumjua mwenzake.

Nguo ya kuazima haisitiri, wamesema wahenga, na nyumba ya kuazima hali yake ni hiyo hiyo. Mkarafuu mkongwe hufa, na pengine mahali pake hupandwa muhogo. Shamba hugawanywa kwa warithi, na kila mrithi hutaka kiwanja. Hao wote wana haki zao, na wana watoto wa kulisha. Orodha za kimataifa zimemweka bundi wa Pemba miongoni mwa ndege walio hatarini, na sababu yake si siri: anacho kisiwa kimoja tu.

Juu ya hayo inakuja khofu. Ni khofu ya ajabu katika jamii ya Kiislamu, kwani Waarabu wa zama za Jahilia walikuwa na itikadi ya hama, ndege wa usiku waliyedhani kwamba hutoka katika kichwa cha aliyeuawa na kulilia kisasi, na hadithi za Mtume zinaikataa itikadi hiyo waziwazi, pamoja na kupiga ndege ramli kwa jumla. Masheikh wamelisomesha jambo hili darasani kizazi baada ya kizazi. Usiku ukiingia, jiwe bado hurushwa. Kwa ndege aliyeko katika nchi tano, jiwe moja si kitu. Kwa ndege ambaye jamii yake yote imo kisiwani humo, jiwe lina uzito mwingine.

Hapo ndipo kazi ya lugha inapokuja, na kazi hiyo haidharauliki. Msitu hulindwa kwa sheria, kwa doria na kwa bei nzuri ya karafuu. Ndege asiyeonekana, ambaye watu humjua kwa sauti tu, hulindwa pia kwa namna sauti hiyo inavyofasiriwa. Wakrioli wa Mahé walisikia msumeno. Watu wa Lombok walisikia neno lisilo na maana yoyote isipokuwa ndege mwenyewe, wakampa liwe jina lake, na jina hilo likamthibitisha. Kiswahili kina bundi, kina bumu, na kina babewatoto, jina la zamani linalosikika kana kwamba aliyelitunga alimwona mzazi juu ya vifaranga vyake badala ya mjumbe wa kifo. Lugha iliyoweza kutunga jina kama hilo haikosi njia ya kusema kile kinachosikika mikarafuuni usiku: ndege mdogo mwenye kisiwa kimoja anaita, ananyamaza, anangoja ajibiwe.